Upondo wenye sifuri katikati: kutoa namba hasi kumekubali

Kutoa namba hasi kumekubali. Nimemaliza kusahihisha madaftari ya kikundi chetu cha hisabati cha Jumamosi hapa Mikindani, Mtwara, wanafunzi wa darasa la sita na la saba, na swali la −20 − (−70) karibu wote wamelipata. Tena wameliandikia maelezo bila kuambiwa: "maji yamejaa sm 50." Maelezo hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta siku zote. Jibu mtoto anaweza kulichungulia kwa jirani, lakini kujua kwamba jibu hilo ni la maji kujaa na si la maji kupwa, hilo halichunguliki.

Kujumlisha nakuruka. Kila anayefundisha namba kamili ana njia yake, na nyingi zinafaa. Mimi natumia visoda: kilicholala chali ni chanya moja, kilicholala kifudifudi ni hasi moja, vikikutana kimoja kwa kimoja tunaviondoa mezani. Madeni nayo yanafanya kazi vizuri sana huku kwetu, kwa sababu mtoto wa mkulima wa korosho anajua makato kabla hajajua kugawanya kwa njia ndefu. Mkopo umechukuliwa, mnada umepita, deni limekatwa, nyumbani imeletwa pesa iliyobaki. Mwambie una deni la 3, umeongeza deni la 4, atakujibu deni la 7 bila kushika kalamu. Brahmagupta kule India, mwaka 628, aliziandika kanuni zake kwa mtindo huohuo wa mali na deni, kwa hiyo hatujabuni chochote kipya.

Kisa kiko kwenye kutoa, na mchawi ninamjua kwa jina. Ni ule wimbo wa "hasi na hasi ni chanya." Umekaa vichwani mwao bega kwa bega na MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), na sijui wanaupatia wapi kwa sababu hata ambaye hajafundishwa mada anakuja nao kutoka kwa kaka yake. Kwenye kuzidisha na kugawanya wimbo huo ni wa kweli. Lakini mtoto akiona −3 − 4, anahesabu alama mbili za hasi, anaandika 7. Akiona −3 + (−4), anaandika 7. Ukimuuliza anakutazama kwa mshangao: "Mwalimu, si hasi na hasi?" Na kwenye mtihani wa kuchagua jibu, mtunga maswali anayejua kazi yake haachi kuiweka hiyo 7 miongoni mwa majibu. Linaniuma jambo hili, kwa sababu mtoto huyo si mvivu. Ameshika kanuni, ameitumia kwa uaminifu wote, na kanuni imemwangusha. Kisha anafika kidato cha kwanza, mada inarudi kwa Kiingereza, naye anaendelea na wimbo uleule.

Nilijaribu kupambana na wimbo kwa silaha zilezile za kujumlisha, zikagoma. Visoda: 2 − (−5). Mezani una visoda viwili vimelala chali. Ondoa vitano vilivyolala kifudifudi. Viko wapi? Hakuna. Basi tunaleta jozi tano za chali na kifudifudi, ambazo jumla yake ni sifuri, kisha tunaondoa vile vya kifudifudi, vinabaki saba vya chali. Hesabu ni sahihi kabisa, nami naipenda, ila niliona wanaifanya kama mtu anayefuata masharti ya mganga: ameambiwa lete jozi, analeta jozi. Ukimwuliza kwa nini jozi tano na si nne, kimya.

Madeni: kutoa deni ni kufutiwa deni, na aliyefutiwa deni amepata nafuu. Wakakubali. Halafu mvulana mmoja akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, mimi nina shilingi 2 na sidaiwi na mtu. Sasa hilo deni la 5 mnalonifutia ni lipi?" Ana haki. Ni shimo lilelile la visoda.

Kutembea juu ya mstari wa namba uliochorwa uani ndiko kulikonichosha kuliko vyote. Alama ya kutoa, geuka nyuma. Namba hasi, tembea kinyumenyume. Ikawa kwata. Walicheka, walifurahi, wakarudi darasani na 7 yao. Na kipimajoto cha vitabuni, cha miji yenye theluji, huku Mtwara kinabaki kuwa picha. Baridi ya chini ya sifuri wanayoijua ni ya friza la samaki, na friza linakaa kwenye −18 siku nzima. Kitu kisichobadilika hakifundishi kutoa.

Hapo ndipo nilipofikiria bahari, maana hiyo haiachi kubadilika. Mara mbili inajaa na mara mbili inakupwa kwa siku moja na dakika kama hamsini juu yake, na kila mtoto wa Mikindani anajua saa za maji kwa sababu mama yake au babu yake anazifuata.

Kazi ya mikono ilikuwa ndogo. Mzee mmoja mvuvi ametupatia upondo wake wa zamani, ule mti wa kusukumia chombo majini, mrefu kuliko mtu mzima kwa mbali. Tumeupiga rangi ya mafuta, pete nyeupe kila sentimita 10, na pete nyekundu nene kila 50 ili isomeke ukiwa nchi kavu, kwa sababu sitaki mtoto yeyote aingie kwenye maji yaliyopita goti. Makapeni hayafai, maji ya chumvi yanaifuta namba kabla wiki haijaisha. Rangi ya mafuta, brashi nyembamba, na uvumilivu. Tumeuchimbia ghubani mahali penye mchanga mgumu, tukauzungushia mawe mguuni.

Mvutano ukawa mahali pa kuweka sifuri. Wanafunzi wote, bila hata mmoja kupinga, walitaka sifuri iwe chini kabisa, pale upondo unapoingia mchangani. Sababu yao ilikuwa nzito: sifuri ni hamna, na chini ya hamna huwezi kwenda. Ndipo nilipoelewa kwamba hata zile hasi walizokuwa wakizijumlisha kwa ufasaha walikuwa wakizichukulia kama namba za kawaida zenye doa la wino mbele yake. Tulikuwa bado tunabishana mwenye upondo akatokea. Wakamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akasikiliza kidogo, akasema: "Mwalimu, bahari haina sifuri. Sifuri wekeni nyie, mnapotaka."

Babu yuko sahihi kuliko vitabu vingi. Ramani za mabaharia hupima vina kuanzia usawa wa maji yaliyokupwa sana, ili nahodha anayeingia bandari ya Mtwara asidanganywe na kina ambacho bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likipwa hakipo. Urefu wa nchi kavu, kama kule juu Newala kwenye uwanda wa Makonde, hupimwa kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Bahari moja, sifuri mbili, na kila moja ina kazi yake. Niliwaeleza hivyo, kisha tukapigilia msumari katikati ya upondo. Msumari ndiyo sifuri. Juu yake chanya, chini yake hasi.

Mpango wangu ulikuwa kusoma maji kila baada ya muda, kujaza jedwali, na kurudi darasani. Jedwali lina nafasi nne: mwanzo, sasa, maji yamefanya nini, na hesabu. Hesabu ni moja tu daima: sasa toa mwanzo. Nafasi ya tatu wanaijaza kwa maneno kabla hawajagusa ya nne, na hilo silegezi kamba.

Mwanzo −70, sasa −20. Maji yamefanya nini? Yamejaa 50. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Walikuwa wameyaona kwa macho. Basi andika: −20 − (−70) = 50. Mwanzo −10, sasa 25, yamejaa 35: 25 − (−10) = 35. Mwanzo −20, sasa −45. Hapa walisita, kwa sababu kuna hasi kila upande na wimbo ulikuwa unawaita. Lakini nafasi ya tatu ilikuwa imeshajazwa: yamekupwa 25. Kwa hiyo −45 − (−20) = −25, na ukiandika 65 umesema maji yamejaa huku mguu wa mwenzako umebaki mkavu.

Kisha ikaja ile niliyokuwa naivizia. Mwanzo 30, sasa −40. Yamekupwa 70. Hesabu: −40 − 30. Mvulana mmoja akaandika 70. Sikusema neno. Jirani yake akamwambia, "Hujasoma ulichoandika? Wewe umesema yamekupwa, hesabu yako inasema yamejaa." Akafuta, akaandika −70, akaitazama, akaniuliza kama basi −3 − 4 ni −7 na yenyewe. Nikamwambia aiandikie maji yake mwenyewe. Mwanzo 4, sasa −3.

Hapo ningefunga madaftari nikiwa nimeridhika, lakini msichana mmoja, mkimya kwa kawaida, akauliza kama tunaruhusiwa kuuhamisha msumari. Babu alisema mnapotaka, akanikumbusha. Tukaushusha sentimita 10. Tukasahihisha jedwali: iliyokuwa −70 ikawa −60, iliyokuwa −20 ikawa −10. Tofauti ikabaki 50. Tukaushusha tena 10, tofauti ile ile. Ndipo yeye mwenyewe akasema, "Sasa mwalimu, mbona tusiushushe hadi pale pale maji yalipoanzia? Mwanzo itakuwa sifuri, sasa itakuwa 50. Tunatoa sifuri tu."

Naomba mliofundisha mada hii mkae na sentensi hiyo kidogo. Kushusha msumari sentimita 70 ni kuongeza 70 kwenye namba zote mbili: −20 inakuwa 50, −70 inakuwa 0. Hapo hakuna tena namba hasi ya kutoa. Ndiyo sababu kutoa −70 ni sawa na kuongeza 70, na haikuhitaji wimbo, jozi za visoda wala deni la kubuni. Mtoto wa darasa la sita ameithibitisha akiwa na mchanga miguuni. Nimeifundisha kanuni hii miaka yote na sikuwahi kuisikia ikisemwa vizuri hivyo.

Tangu siku hiyo mstari wa namba ubaoni kwangu unasimama wima. Vitabu vinaulaza, na kwa kujumlisha si neno, lakini kulia na kushoto havina hisia yoyote. Juu na chini vinayo. Pia nimeacha kutofautisha alama kwa chaki za rangi, maana chaki nyekundu nyuma ya darasa haionekani. Mabano yanatosha, mradi usiyaondoe haraka. Anayekataa kwamba alama ya namba hasi na alama ya kutoa ni vitu viwili, achukue kikokotoo cha kisayansi atazame vitufe: kila moja ina chake.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kuzidisha. Nilikuwa na swali langu tayari: maji yanakupwa sm 2 kila dakika kumi, yaani −2, je, vipindi vitano vya nyuma, yaani −5, yalikuwa wapi ukilinganisha na sasa? Juu zaidi kwa 10, na hivyo −2 × −5 = 10. Hatukufika huko. Wenyewe walikuwa wamegundua kwenye jedwali kwamba maji hayatembei sawasawa: mwanzoni polepole, katikati mbio, mwishoni polepole tena. Wakataka kujua kwa nini, nami ningewezaje kukataa? Mabaharia wana kanuni ya makadirio: gawa kimo chote katika mafungu 12, saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tukaijaribu kwenye namba zetu na ikakaribia vizuri, ila mawimbi yanatuharibia usomaji, kwa sababu pete moja inalowa na kukauka mbele ya macho yako.

Kwa hiyo kuzidisha kumesogezwa mbele na sasa tunatengeneza bomba. Bomba la plastiki la maji taka, limezibwa chini na kutobolewa tundu dogo, ndani yake boya la ndala iliyokatwa lenye fimbo nyembamba inayochomoza juu. Maji huingia polepole kupitia tundu, mawimbi yanabaki nje, fimbo inapanda na kushuka kwa utulivu. Bomba tumelipata bure kwa fundi. Tundu bado tunalitafutia ukubwa: likiwa dogo mno boya linachelewa nyuma ya maji, likiwa kubwa linacheza na mawimbi.

Mambo mawili yamebaki. Bamvua linakaribia, na hapa maji ya bamvua yakipwa upondo unabaki mkavu hadi mguuni, kwa hiyo inatubidi wa pili, mbele zaidi, wenye sifuri iliyolingana na ya huu. Namna ya kuzilinganisha sifuri mbili nimewaachia wao waitafute. La pili, wapo wawili ambao swali lisipotaja maji bado wanaandika 7. Hao Jumatano baada ya vipindi tunakaa pamoja, nami sitawapa swali hata moja lililoandikwa kwa tarakimu tupu mpaka waweze kuliandikia maji yake wenyewe.