Nilivyompata Phillis Wheatley wa Ukutani

Jamaa yangu anayejifanya mtaalamu wa kompyuta aliniambia, "Picha si ipo Google? Mrushie fundi WhatsApp, jioni unaitundika." Ushauri wa hovyo sijawahi kupewa kama huo.

Niliyemtaka ni Phillis Wheatley. Aliibwa Afrika Magharibi, akashushwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto wa miaka saba au minane hivi, akauzwa. Mwaka 1773 kitabu chake kikachapwa London, akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kutoka makoloni ya Marekani kutoa kitabu cha mashairi. Mbele ya kitabu kuna picha yake: ameketi mezani, kalamu ya unyoya mkononi, mkono wa pili shavuni, macho juu kama anayetafuta kina kilichomponyoka.

Basi kijana wa stationari moja Kariakoo akaipokea kwenye simu. Kuirudia, nakuta maajabu. Uso vijiboksi vitupu, ngozi ameing'arisha kama ya bibi harusi aliyetoka saluni, na pembeni kapanga maua na msalaba. Kaona picha haina rangi, mtu kavaa kofia ya kizamani, akajua ni msiba. "Pole sana dada. Tarehe ya mazishi tuiweke hapa chini?" Nikamwambia amefariki 1784. Akatazama kalenda ya ukutani, akanitazama mimi. "Aah, basi hata arobaini ilishapita." Nilishindwa hata kugomba.

Dawa ni kwenda kwenye chanzo. Maktaba ya Bunge la Marekani wameiskani, unaipakua bure, maana picha ya karne ya 18 haina mwenyewe tena. Chukua TIFF, ile faili nzito kuliko zote. Bando litalia, liache lilie. Weka kwenye flashi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inaminywa.

Karatasi iwe isiyong'aa. Yule yule jamaa alitaka nipige laminesheni, eti isishike vumbi. Ukutani ingemeta kama kitambulisho! Wengine wakasema nikate maneno yanayoizunguka, yanayomtaja kuwa mtumishi wa John Wheatley, yule bwana aliyemnunua Boston. Nimeyaacha makusudi. Mgeni akiyasoma lazima aulize, na mimi ndicho ninachosubiri.

Kuifikisha Tabata bila kukunjika nilinunua kipande cha bomba la plastiki kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaiviringisha ndani. Konda akadai nauli ya bomba. Tulibishana mpaka Buguruni, abiria wakawa upande wangu, akanywea.

Fundi fremu alitaka kuilaza picha igusane na kioo. Kwa joto na unyevu wa Dar, karatasi hugandia kioo, siku ya kuitoa inachanika. Komaa naye aweke ukingo wa kadibodi katikati. Jumla ilinitoka kama elfu sitini na kitu, kubwa ikiwa fremu.

Anayefuata ni Flora Nwapa wa Nigeria, yule mwandishi wa riwaya ya Efuru ya 1966. Huyo picha zake bado zina wenyewe, hakuna kupakua tu. Aliyewahi kuomba ruhusa ya picha ya namna hiyo aniambie alianzia kwa nani.