Kabla hajawa kamishna wa umeme, alikuwa anafanya kazi gani?

Hapa Georgia, Marekani, bei ya umeme wa watu wengi inapangwa na watu watano. Watano tu. Pita mtaani uulize majina yao, wengi watakwambia hawajui, gavana wanamjua, rais wanamjua, ila hawa watano hapana, na ndo hao hao wanaoamua kampuni iongeze kiasi gani kwenye bili yako, ijenge mtambo gani, na mambo yakienda vibaya hasara aibebe nani, mwenye hisa au wewe mlipa bili.

Inaitwa Tume ya Huduma za Umma. Kila jimbo la Marekani lina tume yake na majina yanatofautiana, Arizona wanaiita Tume ya Makampuni, Texas umeme una tume yake halafu mafuta na gesi viko chini ya chombo ambacho mpaka leo kinaitwa Tume ya Reli wakati mambo ya reli walishaachana nayo. Kwa aliye nyumbani, fikiria EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, ila huku kila jimbo linajiamulia lenyewe. Majimbo mengi gavana ndiye anateua, kama kumi hivi wananchi wanapiga kura wenyewe na Georgia ni mojawapo, Virginia na South Carolina kazi hiyo wanafanya wabunge wa jimbo.

Mimi swali langu kwa hawa watu ni moja tu: kabla hujakalia hicho kiti ulikuwa unafanya nini, na nani alikuwa anakulipa?

Ukianza kusoma wasifu wao jimbo kwa jimbo utaona sura zinajirudia. Mawakili ni wengi sana, manake tume inakaa kama mahakama, kuna mashahidi, kuna viapo, kuna kuhojiwa, kwa hiyo anayejua sheria anajikuta yuko nyumbani. Halafu kuna waliokuwa wabunge wa jimbo. Halafu waliofanya kazi ofisi ya gavana. Mainjinia wapo ila sio wengi kama unavyodhani, wachumi vile vile, na mtu aliyewahi kukaa na familia ambayo imekatiwa umeme akatafuta nao msaada, huyo ndo adimu kabisa.

Chukua tume ya hapa kwetu ilivyokuwa mpaka 2025. Tim Echols, aliyechaguliwa 2010, alitokea kwenye shirika alilolianzisha mwenyewe la kuwafundisha vijana mambo ya serikali. Fitz Johnson alikuwa afisa wa jeshi, akastaafu, akawa mfanyabiashara, gavana akamteua 2021. Jason Shaw alikuwa mbunge wa jimbo na familia yao inalima mizeituni kusini mwa Georgia. Sisemi hivi kuwadharau, kulima ni kazi na jeshi ni kazi. Ila angalia mambo yanayoletwa kwenye meza ile, mengine hata kabla wao hawajaingia. Mwaka 2009 tume iliruhusu kuongezwa vinu viwili vya nyuklia pale Vogtle, kituo cha umeme ambacho tayari kilikuwa na viwili, kwa makadirio ya kama dola bilioni 14. Mwaka 2017 kampuni iliyokuwa inajenga, Westinghouse, ikafilisika, na majirani zetu South Carolina waliokuwa na mradi wa aina hiyo hiyo wakaachana nao baada ya kutumia kama bilioni 9 ambazo wateja walikuwa wameshaanza kuzilipia. Georgia tume ikapiga kura Desemba mwaka huo huo tuendelee. Kinu cha tatu kikaanza kazi rasmi Julai 2023, cha nne Aprili 2024, miaka saba nyuma ya ratiba, na gharama zikapita bilioni 30. Umeme unatoka, ni umeme usio na moshi, hilo ni jema na nalikubali. Lakini kwenye uamuzi wa namna ile unataka mle chumbani awepo walau mtu mmoja anayeweza kuchukua makadirio ya kampuni akayapasua mstari kwa mstari bila kusubiri aelezwe.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui kuhusu kampuni za umeme huku. Faida yao haitoki hasa kwenye kuuza umeme mwingi, inatoka kwenye mtaji waliouweka. Wakijenga mtambo, tume ikiukubali, wanaruhusiwa kupata asilimia fulani ya faida juu ya pesa za wanahisa zilizoingia pale, kwa Georgia Power, kampuni kubwa ya umeme hapa, tume iliweka asilimia 10.5 mwaka 2022. Sasa wewe fikiria, ukilipwa kwa ukubwa wa ulichojenga, utataka kujenga kidogo? Mhasibu au mchumi akikaa kwenye tume anaiona hiyo siku ya kwanza. Asiyejua anaweza kukaa miaka miwili anajifunza msamiati, na wakati anajifunza kesi zinaendelea, kampuni inaleta mawakili wake na mashahidi wake wataalamu, na yeye anategemea wafanyakazi wa tume wamfafanulie. Wafanyakazi wa tume wengi wanajua kazi yao sana, ila wao hawapigi kura.

Kwa hiyo mtu atasema basi tuweke wataalamu watupu tumalize. Na mimi nilikuwa naelekea huko mpaka niliposoma vizuri mambo ya Ohio.

Ohio gavana Mike DeWine mwaka 2019 alimteua Sam Randazzo awe mwenyekiti wa tume. Kwa utaalamu huwezi kumpunguzia kitu, alikuwa wakili wa nishati kwa miongo, amewawakilisha viwanda vikubwa kwenye kesi za bei, sheria za umeme za jimbo lile alikuwa anazijua nje ndani. Ungetafuta mtu anayeielewa kazi usingepata zaidi ya yeye. Kumbe muda mfupi kabla hajateuliwa kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikuwa imemlipa dola milioni 4.3, na hilo kampuni yenyewe ilikuja kulikubali mbele ya waendesha mashtaka wa serikali kuu mwaka 2021, ikasema lengo lilikuwa aisaidie akishakuwa kwenye kiti, ikalipa adhabu ya dola milioni 230. Kipindi hicho hicho kampuni ilikuwa inamwaga kama milioni 60 kwa spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, ili ipitishwe sheria ya kuwatoza wateja zaidi ya bilioni moja kuokoa mitambo miwili ya nyuklia. Householder akafungwa miaka 20. FBI, wapelelezi wa serikali kuu, walipekua nyumba ya Randazzo Novemba 2020, akajiuzulu siku chache baadaye, akashtakiwa mwishoni mwa 2023, akakana mashtaka, na akafariki Aprili 2024 kesi haijasikilizwa.

Hii habari inaniuma kila nikiirudia kwa sababu ya wale watu wa Ohio waliokuwa wanalipa bili zao kila mwezi, wengine wanabana dawa ili walipe, wakiamini pale juu kuna mtu anasimama katikati. Kujua kazi alikuwa anaijua. Kilichofichwa ni nani alikuwa anamlipa.

Texas nako sio tofauti sana ingawa hakukuwa na rushwa. Baridi ile ya Februari 2021 iliyowaacha mamilioni bila umeme na jimbo lenyewe likahesabu vifo 246, tume ilikuwa na makamishna watatu. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria aliyewahi kufanya kazi kampuni ya umeme ya Houston halafu akawa mshauri wa gavana, mwingine alitoka kwa wale wanaoendesha gridi ya jimbo, wa tatu naye mwanasheria kutoka ofisi ya gavana. Wote wanaijua sekta, wote wametoka ndani ya duara lile lile. Mwezi mmoja baadaye wote watatu walikuwa wameshatangaza kujiuzulu. California ndo usiseme, pale rais wa tume kwa miaka 12 alikuwa Michael Peevey ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa rais wa kampuni ya umeme ya Southern California Edison, na baada ya bomba la gesi kulipuka San Bruno mwaka 2010 likaua watu 8, zikaja kutoka barua pepe zinazoonyesha ukaribu wa tume yake na kampuni yenye lile bomba, ukaribu ambao haukupaswa kuwepo. Akaondoka mwisho wa 2014.

Lakini pia nisije nikaonekana nasema kila aliyepita kampuni ya umeme amechafuka, hapana, na mfano mzuri ni New Mexico. Wao walikuwa wanachagua makamishna watano kwa kura, mwaka 2020 wananchi wakakubali kubadilisha katiba wawe watatu wa kuteuliwa, kuanzia Januari 2023. Sheria ikataka wawe na elimu na uzoefu unaoendana na kazi. Gavana akateua watatu, mmoja wao, mbunge wa zamani mwenye duka la vyakula, watu wakahoji kama anatimiza vigezo, ikaonekana hatimizi, akaachia kiti, akawekwa mwingine aliyetoka maabara ya taifa ya Sandia. Na mwingine katika wale watatu, Pat O'Connell, ni injinia aliyefanya kazi kampuni kubwa ya umeme ya jimbo hilo hilo halafu akaenda shirika la mazingira lililokuwa linaunga mkono kampuni hiyo kuungana na nyingine. Kesi ya muungano ilipofika alijitoa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, ulikotoka kuwe wazi mezani na penye mgongano unasimama pembeni.

Minnesota sheria yao naipenda kwa namna nyingine. Inamwambia gavana akiteua afikirie watu wa sheria, uhandisi, uhasibu, fedha, sayansi, maliasili, na hata wakulima, halafu makamishna wa chama kimoja wasizidi watatu kati ya watano, na walau mmoja awe anaishi nje ya mji mkubwa wa Minneapolis na St. Paul. Hiyo ya mkulima mtu anaweza kuicheka ila mimi naiona ina akili, kwa sababu nguzo na nyaya zinapita kwenye mashamba ya watu.

Na kuna waliotoka nje kabisa ya sekta wakafanya kazi. Kris Mayes wa Arizona alikuwa mwandishi wa habari, akasomea sheria, akaingia tume 2003, leo ni mwanasheria mkuu wa jimbo. New York miaka ya 70 walimpata Alfred Kahn, profesa wa uchumi, akalazimisha watu wafikirie kwamba umeme wa saa ya joto kali hauna gharama sawa na umeme wa usiku wa manane. Na mbali zaidi, Louisiana mwaka 1918 kijana wa miaka 25 aliyewahi kuuza mafuta ya kupikia nyumba kwa nyumba alichaguliwa kwenye tume yao, akapambana na kampuni ya simu mpaka wateja wakarudishiwa hela. Huyo ndo Huey Long, baadaye gavana, na akiwa gavana alitawala kwa mabavu, hilo siwezi kulificha. Ila kwenye ile kesi ya simu alisimama na wateja.

Sasa turudi kwetu. Novemba 2025 Georgia tulipiga kura baada ya miaka mingi ya chaguzi za tume kuahirishwa kwa sababu ya kesi mahakamani. Huku Clarkston tuko wengi tunaoongea Kiswahili, Wakongo hasa, na waliopata uraia walienda kupiga kura. Dada mmoja jirani yetu aliniuliza, kaka, huyu mgombea Alicia Johnson si mtu wa mambo ya afya, ataelewa nini umeme? Swali zuri sana. Nikamwambia dada, mtu wa afya anajua kinachompata mgonjwa mwenye mashine ya oksijeni umeme ukikatwa, hilo nalo ni utaalamu, ila mahesabu itabidi asome usiku na mchana. Mwenzake Peter Hubbard yeye ni mtu wa nishati, alikuwa anakwenda mwenyewe kutoa ushahidi mbele ya tume kabla hajagombea. Wakashinda wote wawili, wakawatoa Echols na Fitz Johnson, tume iliyokuwa ya watu wa chama cha Republican watupu ikapata sura mpya. Lakini Desemba, kabla wapya hawajaapishwa, tume ya zamani ikapitisha ombi la karibu megawati 10,000 za umeme mpya, sehemu kubwa kwa ajili ya data senta, yale majengo makubwa yaliyojaa kompyuta za mtandao. Kwa hiyo wapya wameikuta meza imeshaandaliwa na wengine, na sisi tutalipa au hatutalipa kulingana na watakavyosimamia gharama.

Kiti cha Hubbard kilikuwa cha mwaka mmoja tu, anarudi kwenye kura Novemba 2026, na kiti kingine cha Tricia Pridemore nacho kinagombewa. Wagombea wote nataka kuwasoma mmoja mmoja: alifanya kazi wapi, wateja wake walikuwa nani kama ni wakili au mshauri, hela ya kampeni inatoka kwa nani, na kama ameshawahi kukaa kwenye kikao cha tume hata kama mwananchi wa kawaida. Vikao viko wazi, vinarushwa mtandaoni, mtu yeyote anaruhusiwa kuingia. Ukiwa na kadi ya mpiga kura hapa Georgia na unataka tuwasome pamoja, andika hapo chini uko kaunti gani, nitaweka kwa Kiswahili kila nitakachokuta.