Chupa ya 14: pilipili manga imepatikana

Nimeisikia! Wiki saba nanusa Syrah, mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilo, nikitafuta ile harufu ya pilipili manga ambayo wauza mvinyo wa hapa Lyon wanaisifia, na wiki zote hizo naambulia matunda meusi na spiriti, basi.

Hofu iliniingia niliposoma kuhusu rotundoni, kemikali inayoleta harufu hiyo. Watafiti wa Australia waliieleza mwaka 2008: ni ileile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe, na takribani mtu 1 kati ya 5 haisikii hata kidogo. Kunusa kopo la jikoni hakukupimi, maana pilipili ina harufu nyingine tele. Mimi niliyelelewa na pilau, niikose hiyo? Iliniuma.

Kosa la kwanza lilikuwa chupa. Côtes du Rhône za yuro 5 au 6 nilizozoea hutoka zaidi kusini mwa bonde la mto Rhône, ambako zabibu ya Grenache ndiyo mwenye nyumba na Syrah ni ya kusindikiza. Rotundoni nayo hupenda ubaridi. Nikajikaza, nikatoa yuro 11 kwa Syrah tupu ya Collines Rhodaniennes, vilima vya kaskazini, jirani na Côte-Rôtie, mvinyo ghali nisioumudu.

Nikamimina. Spiriti tena! Nilitaka kulia.

Ndipo nikachovya kipimajoto cha nyama kwenye glasi: nyuzi 24. Chupa ilishinda kwenye rafu kando ya jiko. Syrah kama hii inataka 16 hadi 18. Ikizidi hapo kileo kinapanda puani na kufunika kila kitu. Nikaiweka friji karibu saa nzima. Kwenye 17 ikaja, kavu, kama vumbi linalopanda kinuni ukipiga mchi wa kwanza. Haiwashi. Inakaa nyuma ya zambarau mbivu, unaivuta tena na tena. Glasi ilipofika 20 ikaanza kuzama. Niliyoiacha friji ikashuka hadi 12, harufu ikajifunga na ukakasi ukaukamata ulimi wote.

Kuhusu vifaa: kizibuo cha mabawa msinunue, kinasaga kizibo na makombo yanaelea. Kile cha wahudumu wa mgahawa, cha kukunja, chenye hatua mbili, kinatosha maisha. Glasi kubwa za bei nazo sioni haja. Ile ndogo ya kuonjea, iitwayo INAO, inayobana mdomoni, ukiijaza theluthi tu, inakusanya harufu vizuri sana.

Leo ilikuwa zamu ya Corbières na Minervois, mvinyo mbili za kusini mwa Ufaransa, nizilinganishe kama nilivyopanga. Zitasubiri. Nimekumbuka kwamba nilibadili vitu viwili kwa mpigo, chupa na joto, kwa hiyo sijajua kipi kilinifungulia pua. Nimerudi dukani kuchukua Côtes du Rhône ileile ya yuro 6 niliyoilaumu. Iko friji tangu saa 12 jioni, na kipimajoto sasa hivi kinasoma 19.