Mandvi: mji wangu, kwa mnaotaka kuja kuuona

Rafiki yangu wa Mombasa ameniandikia: anakuja India na mkewe, watapitia kwetu, waone nini? Nikamjibu kwa mistari miwili, kisha nikajilaumu kwa uchoyo. Si wa kwanza kuuliza, na jibu langu huwa ni lile lile. Basi leo naandika yote, atakayeuliza tena nimuelekeze hapa.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Mandvi, Kutch, pembe ya magharibi kabisa ya jimbo la Gujarat. Kiswahili nilikipata dukani kwa ami yangu Biashara Street, Mombasa, nilikopelekwa kijana nikauze leso. Nilikaa, nikaoa, nikarudi. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ngama yangu mimi ni mji huu mdogo wa watu 50,000 hivi, ambao ramani nyingi za watalii huuandika kwa maandishi madogo.

Treni haifiki kwetu. Mnashuka Bhuj, mji mkuu wa Kutch, kwa ndege au kwa treni ya usiku kutoka Mumbai, kisha ni mwendo wa kilomita 60 kwa barabara. Bhuj yenyewe ipeni nusu siku. Pandeni kilima cha Bhujiyo mwone Smritivan, jumba la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya waliokufa katika tetemeko la tarehe 26 Januari 2001. Ilikuwa Siku ya Jamhuri, asubuhi, watoto wako kwenye gwaride na bendera zao. Majina yameandikwa ukutani, zaidi ya 12,000. Mimi niliingia mara moja tu, sijarudi, wala sina haja ya kueleza. Na mkiwa sokoni Bhuj, angalieni midomo yenu mnapoongea Kiswahili. Vijiji vya pembeni kama Madhapar na Baladia vimejaa wazee waliomaliza ujana wao Nairobi, Kisumu na Mombasa, na mmoja anaweza kugeuka akawajibu.

Sasa Mandvi. Kila mwenye gari la kukodi atawapeleka moja kwa moja ikulu na ufukweni. Mkatalieni. Mwambieni awashushe darajani, mtoni.

Mto Rukmavati ukikaribia bahari huwa hori, unajaa na kupwa na maji ya chumvi, na kwenye kingo zake, kando kabisa ya barabara, vimesimama vyombo vya mbao vya urefu wa ghorofa tatu. Hakuna geti, hakuna tikiti, hakuna mwongozaji wa kuwasumbua. Kazi hii inafanyika hapa kwa karibu miaka 400. Zamani zilikuwa kotia za matanga, hizo hizo ambazo wazee wa Mji wa Kale wa Mombasa bado wanazitaja, zilizokuwa zikishuka kwa kaskazi na kupanda kwa kusi. Siku hizi ni vyombo vya injini, vinene, vya kubeba mamia ya tani, lakini bado ni vya mbao na namna ya kuunda ni ile ile.

Fundi mkuu, mistri, hashiki mchoro. Ana kipimo chake kichwani, alichopewa na babake. Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ukishalazwa, mataruma, yaani mbavu zake, huchongwa moja moja kutoka miti ya babul, jamii ya mgunga, ambayo hupinda yenyewe ikiwa porini. Fundi kazi yake ni kuutafuta mti uliopinda kama anavyotaka. Taruma linajaribiwa mahali pake, linatolewa, linapigwa tezo kidogo, linarudishwa. Nimeona moja likienda na kurudi hivyo asubuhi nzima, na hakuna aliyekasirika. Mbao ndefu za ubavuni hupasuliwa kutoka magogo makubwa yanayokuja kwa meli kutoka Malaysia.

Kama mna subira ya kutazama kitu kimoja tu, tazameni kalafati, kazi ya kuziba nafasi baina ya mbao maji yasiingie. Mzee mmoja alikuwa amejilaza ubavu chini ya tumbo la chombo, kijiti cha biri kimezimika mdomoni, anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaiingiza baina ya ubao na ubao, anaishindilia kwa chuma butu na nyundo. Nikamuuliza anajuaje kwamba imetosha. Akaniambia nisikilize. Mapigo ya kwanza yalikuwa mazito, kama hayana mwenyewe. Kisha sauti ikaanza kukaza, ikapanda, mpaka pigo la mwisho likalia wazi. Akasogea shubiri moja, akaanza upya. Chombo kizima kimezungukwa na mistari hiyo, kutoka omo hadi tezi.

Kuunda chombo kimoja huchukua miaka miwili, pengine zaidi, ikitegemea fedha ya tajiri. Kukishua lazima wangojee bamvua, maji makubwa ya mwezi, kwa sababu mdomo wa mto umejaa mchanga na maji ya kawaida hayatoshi. Mara nyingi hutoka bila injini, kikavutwa mpaka Dubai, kikatiwe injini huko ambako ni rahisi. Baada ya hapo maisha yake ni kwenda Oman, Yemen, Somalia: bandari ambazo meli za makontena hazitaki kuingia, au zinaogopa. Wapo mabaharia wa mtaani kwetu waliotekwa na maharamia wa Kisomali, wakarudi wamekonda, na msimu uliofuata wakapanda chombo tena. Ukiwauliza kwa nini, wanakuuliza wewe unajua kazi gani nyingine hapa.

Adabu yake ni ndogo: msipande ngazi bila kuambiwa, msimpige picha mtu aliyelala kivulini mchana, na mkisalimu, mkono kifuani unatosha, maana hapo Waislamu na Wahindu Wakharva, jamii ya mabaharia, wanafanya kazi bega kwa bega na hamtajua nani ni nani. Mtakaribishwa chai. Huja katika kikombe kidogo na kisahani, mnaimimina kwenye kisahani, mnaivuta kwa sauti. Kunywa kimya kimya si ustaarabu wetu.

Kutoka mtoni ingieni mji wa ndani kwa miguu. Ngome ya zamani imebaki vipande na malango yake, na nyuma yake kuna vichochoro ambavyo mtu wa Mji wa Kale hatapotea. Milango ya nakshi mtaiona, na roshani za mbao, nyingine zimeinama tangu lile tetemeko na hakuna wa kuzinyoosha, kwa sababu warithi wako Muscat, Leicester na Nairobi na hawaelewani. Hili linaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika. Nyumba ina kufuli la shaba, njiwa wanaingia kwa dirisha la juu, na mwenyewe anakuja harusini mara moja, anapiga picha mlangoni, anaondoka.

Sisi ni Makhatri, watu wa rangi na vitambaa, kwa hiyo nitapendelea kwetu: nunueni bandhani, nguo za kufungwa mafundo na kutiwa rangi, hapa, msinunue uwanja wa ndege. Mama yangu amefunga bandhani tangu utotoni. Kitambaa huchapwa kwanza alama za rangi hafifu inayofulika, kisha yeye hukinyanyua nukta kwa nukta kwa ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambao ameufuga mrefu kwa kazi hiyo, akaifunga kila nukta kwa uzi, mizunguko kadhaa, bila kukata uzi. Mahali palipofungwa rangi haipiti. Nguo nzuri ina maelfu ya mafundo hayo, na mwanamke anayeifunga hulipwa kidogo mno kuliko anayeiuza; ami yangu mwenyewe alikuwa upande wa wauzaji, kwa hiyo najua hesabu zote mbili. Kuna nguo za mashine zilizochapwa zikafanana. Ombeni ile ambayo bado imefungwa, imejikunyata na kuwa nyembamba kama kamba. Watu wawili huishika huku na huku, huivuta kwa kishindo kimoja, na mafundo yote yanaruka, nyuzi zinamwagika sakafuni. Ile ya kuchapwa haiwezi kufanya hivyo.

Njaa ikiwashika, kuna dabeli. Miji yote ya magharibi ya India sasa inaiuza, lakini ilizaliwa hapa Mandvi katika miaka ya 1960, na sisi hatuchoki kuwakumbusha. Ni boflo dogo la duara lililopasuliwa, likatiwa viazi vilivyopondwa na bizari yake maalumu, chatini ya ukwaju, chatini ya kitunguu saumu, karanga za kukaanga zenye pilipili, komamanga, vitunguu, kisha likachomwa kwa siagi juu ya kikaango bapa. Kaleni mkiwa mmesimama, mbele ya mkokoteni, saa kumi na moja jioni. Walaji wa viazi karai hawatahitaji kufundishwa.

Mikahawa ya mjini kwa kawaida haiuzi nyama. Ni sinia la Kigujarati, na mhudumu hujaza bila kuuliza, kwa hiyo mkishiba funikeni sahani kwa kiganja, maneno hayatasaidia. Chakula cha nyumbani hasa, cha Kutch, ni mkate wa mawele uliopakwa samli, na sukari guru, kitunguu saumu kilichotwangwa, na mtindi mwepesi wa chumvi. Samaki mtampata mitaa ya mabaharia, tena mkialikwa ndiyo afadhali. Pombe msitafute, Gujarat imeipiga marufuku kisheria, ingawa mgeni anaweza kuomba kibali.

Kuna jambo waongozaji hawalitaji na mimi nalisema kila mara, hata likiharibu matembezi. Fedha iliyojenga roshani zile ilitoka kwenu. Kaniki walizovaa mababu zenu zilitiwa nili hapa Kutch; pembe za ndovu zikaja hapa, na karafuu. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wabhatia, jamii ya wafanyabiashara wa Kutch, iliikodi forodha ya Unguja kutoka kwa masultani kwa miaka mingi ya karne ya 19. Tharia Topan, ambaye jengo lake la zahanati bado linasimama Mizingani, alitoka Lakhpat, kaskazini magharibi mwa hapa. Tunajivunia sana majina hayo. Lakini forodha ile ile ilitoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa, na majahazi yale yale yalileta watu mpaka huku. Wajukuu wao wapo, Masidi, raia wa Kutch kama mimi, wanaongea Kikutchi kuliko watoto wangu, na kwenye maulidi na ziara zao hupiga ngoma ambayo wao wenyewe huiita goma. Mkiwaona, msiwakimbilie na simu kana kwamba mmepata ndugu waliopotea. Wengi wamechoka na wageni wa namna hiyo. Salimieni, kaeni, sikilizeni kama wanataka kusema.

Ikulu, haya, twendeni. Vijay Vilas ilijengwa miaka ya 1920 iwe nyumba ya kiangazi ya mwana wa mtawala wa Kutch, mawe ya mchanga mekundu, makuba, madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama lesi. Bado ni mali ya familia ile. Sinema kubwa za Mumbai zimepigwa pale, ndiyo sababu foleni ni ndefu. Pandeni mpaka juu kabisa, bahari inaonekana yote, kisha shukeni. Ufukwe una ngamia, farasi, na kelele. Wiki ya Diwali msikanyage. Kwa mtu aliyezoea Nyali au Diani, mchanga wetu hauna ajabu, na sioni haya kusema.

Mahali napopenda kuliko ikulu ni Kranti Teerth, kumbukumbu ya mpigania uhuru mmoja, nje kidogo ya mji. Shyamji Krishna Varma alizaliwa Mandvi mwaka 1857, akaenda Uingereza, na mwaka 1905 akafungua London nyumba ya wanafunzi wa Kihindi waliotaka uhuru. Alikufa Geneva mwaka 1930, na majivu yake yalikaa huko mpaka yaliporudishwa mwaka 2003. Sasa nyumba ile ya London imejengwa upya hapa, matofali mekundu na mabomba ya moshi, katikati ya jangwa lisilohitaji moshi wa kupasha joto nyumba. Ni kioja kidogo, lakini kinanigusa.

Majira: njooni Novemba mpaka Februari, na mlete sweta, maana usiku wa Januari hapa si wa kwenu. Juni mpaka Agosti bahari imefungwa na upepo hauna mchezo. Juni 2023 kimbunga Biparjoy kilituingilia, kikang'oa nguzo za umeme mji mzima. Kitu kizuri cha Juni na Julai ni kimoja tu, tende mbichi za Kutch, manjano na nyekundu, za kutafuna zikilia meno.

Mkitaka kuona chombo kikishuliwa, msiulize hotelini, hawajui. Ulizeni kwa wauza chai wa mtoni tarehe ya bamvua, kisha ongezeni siku mbili kwenye safari yenu, kwa sababu tajiri akikosa mvutaji au mistri akiona neno, wataahirisha mpaka mwezi mwingine. Nyumba yangu ina chumba cha wageni. Kodi yake ni kilo moja ya mabuyu ya rangi na muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu, na mama atawauliza maswali mengi.