Huyo Anaambiwa Nani?

Kwa bibi yangu, Tanga, kulikuwa na kalenda ya kuchana. Kila asubuhi inatoka karatasi moja: tarehe ya Kizungu juu, ya Kiislamu chini, na mkiani kabisa, kwa maandishi ya kukodolea macho, msemo. Nikiwa likizo, kazi ya kuchana ilikuwa yangu. Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu, basi ule msemo nilimsomea mimi. Siku moja ikatoka "Haba na haba hujaza kibaba." Akaendelea kuchambua mchele wake, kisha akauliza: "Huyo anaambiwa nani?"

Nilidhani ananitania. Swali lenyewe limenirudia wiki hii, nikisoma almanaki za zamani za Benjamin Franklin, yaani vijitabu vya kalenda vya kila mwaka.

Franklin alikuwa mpiga chapa huko Philadelphia, Marekani ikiwa bado koloni la Mwingereza. Mwishoni mwa 1732 alitoa almanaki ya mwaka 1733 kwa jina la kubuni, Richard Saunders, na akaendelea nayo kwa miaka 25. Huyu Richard ni mnajimu fukara. Katika dibaji ya kwanza anakiri kwamba mkewe ameshamtishia zaidi ya mara moja: vitabu na makorokoro yake ya kutazamia nyota yasipoleta chochote nyumbani, atayatia moto. Papo hapo akatabiri kifo cha mshindani wake, mtunga almanaki mwenzake Titan Leeds, mpaka dakika: 17 Oktoba 1733, saa 9 na dakika 29 alasiri. Siku ikapita, Leeds yu hai, kakasirika na kaandika matusi. Richard akajibu kwa upole kwamba rafiki yake Leeds alikuwa muungwana, asingeweza kumtukana mtu namna ile. Bila shaka amekwisha kufa na kuna mtu anatumia jina lake. Leeds alikuja kufa kweli mwaka 1738. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Almanaki ilikuwa na mambo ya lazima: kuchomoza na kuzama kwa jua, mwezi, siku za mahakama, siku za magulio. Na misemo? Katika kumbukumbu za maisha yake Franklin anasema aliitumia kujaza vinafasi vilivyobaki katikati ya siku za maana. Kujaza nafasi tu! Tena anakiri kwamba ile ni hekima ya zama nyingi na mataifa mengi. Lakini alijua kuinoa. Waingereza walikuwa na msemo kwamba watatu waweza kutunza siri iwapo wawili hawapo. Yeye akaandika: iwapo wawili wamekufa. Neno moja limebadilika, na msemo umeota meno.

Upo mwingine ulionishtua kwa jinsi ulivyo wa nyumbani: samaki na wageni hunuka baada ya siku tatu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hesabu ni ileile, ila wetu naona una huruma zaidi. Mgeni anapewa kazi, hatupwi jaani pamoja na samaki.

Franklin anasema almanaki zake ziliuzwa karibu 10,000 kwa mwaka, kwa watu ambao ni nadra walinunua kitabu kingine. Na hapo ndipo ninapomsikia bibi. Yeye methali aliitumia kama mawe ya manati: inaokotwa, inalengwa, inarushwa. Akivaa khanga kwenda shughulini, jina la khanga lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijua. Lakini msemo wa almanaki umekaa kwenye tarehe yake ukisubiri, bila ugomvi wala mtu wa kuona haya. Tena Franklin aliyeusifia uchapakazi ndiye aliyekuwa na watumwa nyumbani kwake, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu. Kwamba uvivu ni aibu, aliambiwa nani?

Toleo la mwaka 1758 lilikuwa la mwisho kwake. Katika dibaji yake Richard anapita mahali penye mnada. Saa haijafika, watu wanalalamikia kodi. Wanamwomba mzee mmoja mwenye mvi, Baba Abraham, awape neno. Mzee anawaambia kodi ya serikali ni nzito kweli, lakini uvivu wetu unatutoza mara mbili yake, majivuno mara tatu, upumbavu mara nne. Halafu anaanza kumwaga misemo ya Richard mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, "kama asemavyo Richard Maskini", ukurasa kwa ukurasa. Nakiri niliruka baadhi. Watu wanasikiliza, wanakubali kila neno, mnada unafunguliwa, na wote wanavamia kununua kana kwamba wametoka kusikiliza mahubiri ya kawaida.

Aliyeguswa ni mmoja. Richard alikuwa amekuja na nia ya kununua kitambaa cha koti jipya. Baada ya kusikia maneno yake mwenyewe kwenye kinywa cha mwingine, akaondoka mikono mitupu, akiwa ameazimia kulivaa lile la zamani muda zaidi.

Ningemsomea bibi hicho kisa. Nadhani angeuliza kwanza kitambaa chenyewe kilikuwa kinauzwa bei gani.