Herufi sita za MTWARA

Jana jioni, kibarazani kwangu Shangani, tulikaa wanne kupanga kanuni za mashindano yetu ya kusoma. Kila mmoja atakusanya majina ya wahusika ambao herufi zao za kwanza zinaunda neno MTWARA. Vitabu sita, majina sita, mwisho 31 Desemba.

Ubishi ulikuwa kwenye kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Mle kuna Adili, na kuna ndugu zake Hasidi na Mwivu wanaogeuzwa manyani. Somo yangu alitaka Adili ampe A na Mwivu ampe M. Nikakataa kabisa. Kitabu kimoja, herufi moja, la sivyo mtu atamaliza kwa vitabu vitatu na hatutakuwa tumesoma. Tukakubaliana pia kwamba mhusika lazima atende jambo, asiwe ametajwa tu njiani. Jina la utani linahesabika kama wenzake kitabuni ndilo wanalomwitia.

R nimeshaipata: Rosa, wa Rosa Mistika ya Kezilahabi, kitabu cha 1971. Nakala yangu ina doa jeusi la mafuta ya ganda la korosho ukurasa wa kwanza, maana niliianza msimu wa kubangua, vidole vikiwa bado vinawasha. Naipenda hivyohivyo.

W ndiyo inanikosesha usingizi. Mwenye kumjua mhusika wa W, jamani, anitajie kitabu tu. Jina nitalitafuta mwenyewe.