XOR ya namba kuanzia a hadi b bila kuzipitia zote

Swali la programu lilitaka XOR ya namba zote nzima kuanzia a hadi b, na b ingeweza kufika 10^18 (yaani 10 kwa kipeo cha 18). XOR, inayoandikwa ^ katika C, hulinganisha biti (tarakimu za 0 na 1) za namba mbili: zikitofautiana hutoa 1, zikifanana hutoa 0. Kuzipitia moja moja hakufai: hata kompyuta ikimaliza namba bilioni moja kwa sekunde, ni zaidi ya miaka 30.

Nikaandika kwenye karatasi XOR ya 0 hadi n, tuiite f(n), kwa n = 0, 1, 2 na kuendelea: 0, 1, 3, 0, 4, 1, 7, 0, 8, 1, 11, 0. Sifuri inarudi kila baada ya hatua nne, na sababu yake ni nzuri kuliko kanuni yenyewe. Namba shufwa na inayoifuata hutofautiana kwa biti ya mwisho tu, kwa hiyo XOR yao ni 1. Jozi mbili mfululizo zinatoa 1 na 1, zinafutana.

Basi f(n) inategemea baki la n kwa 4: baki 0, jibu ni n, baki 1, jibu ni 1, baki 2, ni n+1, baki 3, ni 0.

Kwa kuwa namba ikikutana na nafsi yake hufutika, jibu kamili ni f(b) ^ f(a-1). Jaribu 5 hadi 9: f(9) ni 1, f(4) ni 4, jibu 5. Ukizipitia kwa mkono unapata 5 vilevile.

Tahadhari moja: a ikiwa 0, unaita f(-1). Katika lugha ya C, -1 % 4 (baki la -1 kwa 4) hutoa -1, hivyo mimi hutumia n & 3 (biti mbili za mwisho za n), inayotoa 3.